Nilivyoipata kadi ya Ava Gardner yenye saini nikiwa Lamu

Ile picha ilobandikwa juu ya mashine ya fotokopi dukani kwangu hapa Langoni, ya mwanamke wa kizungu, kila siku kuna mtu huniuliza ni nani na yanihusu nini, na mimi hujibu kwa ufupi mana foleni huwa ndefu. Leo nimekaa niandike yote. Ile ya ukutani ni kopi tu nlotoa mwenyewe. Ya asli iko nyumbani ndani ya boksi, ina saini ya Ava Gardner, mcheza filamu wa Marekani wa zamani, ya mkono wake, na niliinunua kwenye mnada wa London nikiwa nimekaa barazani kwetu na simu mkononi.

Chanzo ni babangu. Ujanani mwake alikuwa Mombasa akiendesha mashine ya sinema, zama zile Naaz, Regal na Majestic zikijaa watu mpaka wengine wanasimama, na sisi tumekua tukisikia hadithi za mikanda ilokatika katikati ya mapigano na watu wakapiga kelele gizani. Filamu za kihindi alizipenda, ila ilokuwa haimtoki mdomoni ni Mogambo ya 1953, ya John Ford, ndani mna Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na walikuja kuipiga huku huku Kenya na Tanganyika na Uganda, wakati wa hali ya hatari, vita vya Mau Mau. Wazungu wengi mpaka leo huambizana eti mogambo ni neno la Kiswahili. Babangu hilo humuudhi kwelikweli, lakini filamu aipenda.

Basi mwaka ule macho yake yalipoanza kufifia nikajiambia nimtafutie kitu cha filamu ile, kitu cha kushika.

Nikaanza vibaya. Nikaona mtandaoni picha ya Clark Gable imetiwa saini, bei kama elfu kumi na tano za Kenya, na cheti juu, chenye stika ya kung'aa na nambari. Nikalipa siku ile ile. Ilipofika nikaitazama nikafurahi, usiku sikulala, kesho yake nikaipeleka kwa jirani yangu sonara ili aione tu, na yeye kwa mazoea akachukua ile lenzi yake ya kutazamia dhahabu akaitia jichoni. Akanyamaza. Alafu akanipa mimi nitazame. Wino ulikuwa umelala juu ya picha sawasawa, mweusi, umekatika kingo safi, hakuna mfereji wa ncha ya kalamu, hakuna pahali wino umejaa wala umepungua. Ni maka peni nyembamba, zile za Sharpie kabisa. Nikarudi dukani nikasoma: kalamu hizo zilianza kuuzwa 1964. Clark Gable alikufa Novemba 1960.

Muuzaji hakujibu mpaka leo. Na kile cheti, mimi mtu wa kuprinti, ningepaswa kujua, cheti kama kile naweza kukutolea dakika kumi na stika juu. Iliniuma sana, elfu kumi na tano kwa duka kama langu ni kodi ya mwezi, lakini ndiyo ilonifanya nisome kwa bidii, kama miaka miwili hivi, kila usiku baada ya isha.

Nlojifunza kwanza ni kwamba si kila saini ya uongo ni ya mwizi. Zile studio za Marekani miaka ya thelathini na arubaini zilikuwa zikipokea barua kwa magunia, na makarani ndio walokuwa wakitia saini za hao mastaa, na picha hizo zilitumwa na studio yenyewe kwa nia njema kabisa. Jean Harlow, staa wa filamu wa miaka ya thelathini, mamake mzazi alikuwa akimtilia saini. Kwenye muziki vilevile, Beatles walikuwa na Neil Aspinall na Mal Evans, watu wao wa safarini, na hao walitia saini za vijana wote wanne wakati wenyewe wamechoka au hawana nafasi. Kwa hivyo ukichukua picha yako ukaifananisha na picha nyingine ilotumwa kwa shabiki, huenda ukawa wafananisha karani na karani. Fananisha na mkataba, au barua ya kibinafsi, au hundi ya benki, mana hapo mtu hutia mwenyewe. Na uangalie miaka, mkono wa mtu wa miaka ishirini si wa miaka hamsini. Grace Kelly kwa mfano alipoolewa Monaco 1956 alikuwa akitia Grace de Monaco, sasa mtu akikuletea picha ya miaka ya sabini imeandikwa Grace Kelly, muulize maswali.

Pili ni mwendo wa kalamu. Hii ukiielewa hutaacha kuiona. Mtu alotia saini yake mara elfu moja huenda mbio, mstari huanza mwembamba, unanenepa kwenye kona, mwisho unaruka kama mkia. Anayeiga huenda polepole, na polepole huonekana, mstari una mtetemo, una vituo vidogo vidogo alipoinua macho kutazama ile anayoinakili. Biro huacha mfereji kwenye karatasi. Saini ilochapwa na mashine haina mfereji na ukitia lenzi waona vitone, vile vile vya picha yenyewe, hiyo mimi nlikuwa naijua kwa kazi yangu kabla sijajua kitu kingine chochote.

Tatu ni njia ilopitia. Ilitoka kwa nani, akaipata vipi, ikakaa wapi. Wachuuzi hawapendi picha ilotiwa jina la mtu, yaani "kwa fulani", mana mnunuzi ataka iwe yake, na bei hushuka. Mimi ndiyo nazitafuta. Jina la mtu ni uzi, waweza kuufuata.

Kwenye karatasi yenyewe nako kuna alama. Kadi za lobi, zile picha za karatasi ngumu zilokuwa zikitundikwa mlangoni mwa sinema, za Marekani huwa inchi 11 kwa 14 na seti moja huwa nane. Miaka ile kampuni ya National Screen Service ndiyo ilokuwa ikizigawa, na pembeni chini kulia huweka nambari, ya filamu ya 1953 huanza na 53 alafu mkwaju, yaani alama hii /. Ukiona R mbele ya mwaka ni toleo la filamu ilorudishwa sinema baadaye. Si uongo hiyo, ila si ile ya kwanza, na bei si moja.

Sasa siku moja nikaona kwenye katalogi ya mnada mmoja mdogo London, loti 412, yaani kitu cha 412 kwenye orodha yao, kadi ya lobi ya Mogambo, 53 mkwaju, saini ya Ava Gardner kwa biro ya buluu, imeandikiwa mwanamke fulani, pamoja na bahasha yenye stempu ya Malkia na muhuri wa posta wa London. Ava Gardner alihamia London 1968 akaishi huko mpaka akafa 1990. Moyo ukaanza kupiga. Kwenye kasoro wameandika: matundu ya pini pembe zote nne, doa dogo juu kushoto. Makadirio pauni 150 mpaka 200.

Nikawaandikia barua pepe nikaomba vitu viwili, picha ya saini ilopigwa na taa ikiwa ubavuni, karibu kulala na karatasi, na picha ya bahasha mbele na nyuma. Wakajibu siku ya pili, kwa adabu tu. Taa ikiwa ubavuni ule mfereji wa biro ukaonekana kama njia ya gari mchangani, na ile G ilikuwa imekwenda kwa pumzi moja. Nikaiweka kando ya mikataba mitatu ya Ava nlokuwa nimehifadhi picha zake. Jina kwenye bahasha na jina kwenye kadi ni moja. Nikamuonesha sonara pia, akatazama simu muda mrefu akasema, "Hii sasa bwana, huyu hakuwa na wasiwasi."

Pesa nlikuwa nazo za chama, zamu yangu ilikuwa imeingia, jumla nlojiwekea ni pauni 300 pamoja na posta. Na hapa ndipo watu huumia, mana bei ya nyundo, ile ya mwisho dalali akigonga, siyo unayolipa. Kuna ada ya mnunuzi, kwa hawa ilikuwa asilimia 25, na juu ya ada kodi yao ya asilimia 20. Ile nguo nyeupe ya Marilyn Monroe ilouzwa 2011, nyundo iligonga dola milioni 4.6 na pamoja na ada ikapita milioni 5.5, hesabu mwenyewe tofauti. Mimi nikaanza nyuma nikaja mbele: 300 toa 48 za kufunga na kutuma, inabaki 252, kwa hivyo nyundo mwisho wangu ni 190, mana 190 na ada na kodi yake inatoka 247. Nikaiandika 190 kwa peni kwenye kiganja. Ushuru na VAT ya huku nikaweka mfuko mwingine kabisa.

Mnada ulianza saa nne asubuhi yao, kwetu saa sita mchana. Hukimbiza kama loti mia kwa saa, nikapiga hesabu yangu itafika alasiri, nikafunga duka mapema. Loti 380 stima ikapotea mtaa mzima. Nlikuwa nimejiandaa, nimenunua bando na pawabanki imejaa, nikatoka barazani kunako mtandao mzuri. Ikaanza pauni 80. Sikugusa. 100, 120, ikapunguza mwendo kwa 140, nikaingia 150. Mwingine 160. Mimi 170. Kukanyamaza, dalali ananyanyua nyundo, yule akatia 180. Punda wanapita na mawe ya kujengea, mtoto ananiita, mie nikabonyeza 190 na mkono umelowa jasho mpaka ile nambari kiganjani imevujia. Sekunde zile sitazisahau. Yule mwingine angetia 200 mimi nlikuwa natoka, wallahi, nlikuwa nimeapa. Hakutia.

Kutuma niliwaambia isikunjwe wala isizungushwe kwenye bomba, ilale baina ya mbao mbili nyembamba. Forodha nikalipa kwa risiti ya bei ya kweli, ikashuka na basi mpaka Mokowe na boti mpaka hapa, na mimi nimeifunga nailoni mara mbili mana kusi ilikuwa imechafuka na maji yanaruka mpaka kwenye viti.

Kuhifadhi Lamu ni kazi kubwa kuliko kununua. Chumvi hewani, unyevu, mchwa, na zile kuta zetu za mawe hupumua maji masika yote. Kila mtu aniambia si uipige leminesheni, mashine unayo. Jamani msifanye hivyo kamwe, ile gundi ya moto haitoki tena na saini inakufa. Yangu iko kwenye mfuko wa polyesta na kadi isiyo na asidi nyuma yake, ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, orofa ya juu, mbali na ukuta, na kila baada ya kaskazi na kusi naifungua kuitazama. Juani haikai hata dakika moja.

Baada ya hapo nikapata pia santuri ndogo ya Zein l'Abdin, mwana wa hapa hapa Lamu, lebo ya Mzuri ya Mombasa, ina maandishi ya kalamu juu ya lebo. Hiyo ilitoka kwenye mnada wa vyombo vya nyumba moja Shela, ndani ya boksi la santuri kumi na nane, mbili zimepinda kwa joto. Bado sijasema kwamba ni saini yake. Kuna ami mmoja aliyepiga naye harusini ana barua ya zamani, ameniahidi kuitafuta, nami nasubiri.

Siku nlompelekea babangu ile kadi ilikuwa baada ya magharibi. Nikamuwashia taa, nikamwambia, "Baba, huyu ni Ava Gardner, na haya maandishi ni ya mkono wake." Akaishika kwa pande mbili kama anavyopaswa, bila mtu kumwambia. Saini aliiona kama kivuli cha buluu tu. Alipopeleka kidole ni pembeni, kwenye lile tundu la pini walilolihesabu London kuwa kasoro, akalipapasa, akaenda la pili, la tatu, la nne.

"Hii ilitundikwa," akasema. "Imefanya kazi hii."

Alafu akanieleza namna walivyokuwa wakizitundika Mombasa, pini za juu kwanza, mana mlangoni palikuwa na upepo wa bahari na ukianza chini karatasi inakupiga usoni.