Dakika Kumi na Mbili na Kadi ya Choo

Nimewahi kulala na foleni. Si kwenye foleni, hapana. Nililala nayo, kwa sababu namba ya mwanangu kwenye orodha ya kliniki niliibandika ukutani juu ya kitanda, na kila nilipouliza imefika wapi nilifuta ya zamani nikaandika mpya. Mwaka mzima na ushee.

Bwana mdogo, ndivyo tunavyomwita nyumbani, alikuwa na miaka mitatu kasoro na hajasema neno. Ukimwita hageuki. Alipanga vifuniko vya chupa mstari mrefu kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, na ole wako usogeze kimoja. Mama yake ndiye aliyesema mapema kwamba hapa kuna jambo. Mimi nilikuwa kwenye kundi la "wavulana huchelewa kusema". Nakiri, na mke wangu hajawahi kuniruhusu nisahau.

Ushauri ulitujia bila kuitwa. Wengine walisema akemewe, wengine televisheni ifungwe kabatini. Binamu yangu akaja na habari kwamba chanjo ndiyo huleta usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane tofauti na wenzake, kwa sauti ya mtu aliyesoma kweli. Sikujua wakati ule kwamba ile makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyoanzisha maneno hayo ilifutwa na jarida lake mwaka 2010, na mwenyewe akaondolewa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Kwa ujinga wangu nikachelewesha chanjo ya mdogo wake bwana mdogo kwa miezi miwili. Lakini aliyeniuma zaidi ni mzee mmoja msomi aliyemwambia mke wangu, mbele ya watu, kwamba mtoto amekosa joto la mama. Nadharia hiyo ilizagaa katikati ya karne iliyopita, Bruno Bettelheim, mwandishi wa vitabu vya malezi, akiwa mpiga debe wake mkubwa, na mmoja wa walioivunja nguvu ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, mwaka 1964. Yaani ilishazikwa kabla mimi sijazaliwa, ila huyo mzee hakupata habari za msiba. Tukikutana namsalimu kwa heshima zote. Moyoni nina yangu.

Siku yetu ya kuonwa ikafika. Tuliondoka alfajiri, tukasubiri hadi mchana, tukaingia. Na mwanangu, yule aliyekuwa amepiga kelele njia nzima, akakaa kwenye kiti kama mtoto wa kwenye kalenda. Dirisha la chumba kile lilikuwa na feni ndogo inayozunguka. Aliitazama dakika kumi na mbili bila kupepesa. Daktari akauliza maswali mawili matatu, akamtazama, akatutazama. "Mbona ametulia vizuri tu? Mrudisheni baada ya miezi sita."

Dakika kumi na mbili! Nilitoka pale nikiongea peke yangu.

Usiku ule ndipo akili ilinijia, na hapa mniache nijisifu kidogo. Kama mtoto hawezi kuwa yeye mwenyewe mbele ya daktari, basi nampeleka daktari nyumbani, ndani ya simu. Nilipiga video tatu, hakuna iliyozidi dakika moja. Ya kwanza, mama yake anamwita jina mara sita akiwa hatua tatu nyuma yake, na yeye hata sikio halichezi. Ya pili ndiyo niliyoipenda. Mimi niko chumba cha pili, nawasha simu nyingine, ule mlio wake mdogo wa kuwaka, na bwana mdogo anachomoka mlangoni kama mshale. Ya tatu ni vifuniko, pamoja na kile kilichotokea niliposogeza kimoja. Nesi mmoja mwenye moyo akaniambia niongeze ya nne, ya siku nzuri, nikaweka ile anapopanga vipande vya picha haraka kuliko mimi. Nikaandika na karatasi moja, si mbili. Alitembea lini, ana maneno mangapi, amewahi kutuonyesha kitu kwa kidole ili tu na sisi tukione. Hajawahi hata mara moja. Swali hilo la kidole nililiona dogo, kumbe ndilo walilolishikia kalamu.

Ya miezi sita sikuisubiri. Nilimuuliza dada wa mapokezi swali ambalo naona watu hawaulizi: wasiokuja, nafasi zao zinakwenda wapi? Akacheka. "Haziendi popote, kaka. Zinakaa wazi." Nikamwachia namba yangu nikamwambia nipigie hata dakika ya mwisho, mimi ni fundi, najiajiri, nafunga duka nakuja. Wiki ya tatu akapiga. Safari hii daktari aliangalia video ya pili, akairudia, akatuandikia kwanza kipimo cha masikio (hata kama una hakika mtoto anasikia, kipimo hicho usikiruke, hawakuelewi bila hicho) na baada ya hapo mambo yakaenda. Usonji, wengine wanasema tawahudi. Mke wangu alipumua. Mimi nilienda kununua kadi ngumu.

Kadi, sasa. Mtaalamu wa usemi tuliyepewa alituona mara moja kwa mwezi, na alisema tuanze na picha. Mtoto asiyeongea anakupa picha ya kitu anachotaka, nawe unampa kitu. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa maneno. Alituhakikishia haziyazuii, na kwa wengine huyavuta. Njia yenyewe ina zaidi ya miaka 40, ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Rahisi, nikasema. Mimi fundi, nitachora mwenyewe.

Nilichora kikombe, kitanda, mpira, choo, mlango. Nikapaka rangi. Nikavifunika kwa plastiki, nikavipigilia ukutani kwa misumari midogo, mstari mmoja ulionyooka kwa pima maji. Wiki nzima hakuna kilichotokea, isipokuwa mimi nikisimama pale nikinyoosha kidole: "Unataka nini? Eh? Unataka nini?" Siku moja akavuta kiti, akapanda, akang'oa kadi moja na msumari wake, akanipa. Nilipiga ukelele nikamwita mama yake. Ilikuwa choo. Nikambeba mbio hadi chooni. Akasimama, akanitazama, akaanza kulia. Tukarudi. Akanipa choo tena. Tukaenda tena. Mara nne! Mara ya nne mke wangu akaichukua ile kadi, akaigeuza huku na huku, akaniuliza taratibu, "Baba fulani, hiki si kikombe?"

Nilichora choo kinachofanana na kikombe, na kikombe kinachofanana na ndoo. Mtoto alikuwa na kiu muda wote.

Mtaalamu alipoona ukuta wangu alicheka mpaka akavua miwani. "Hizi kadi anazitumia nani, wewe au mtoto? Maana ziko usawa wa macho yako." Akaondoa zote, akabakisha moja. Akanifundisha kwamba mwanzoni watu wazima wanahitajika wawili: mmoja mbele, mkono wazi, amekishika kile mtoto anachokipenda, wa pili nyuma ya mtoto, kimya kabisa, anauongoza mkono wake uchukue picha na kuitoa. Hakuna "unataka nini". Mtoto ndiye anayeanza, wewe unapokea. Kimya ndicho kilichonishinda, mimi ninayeongea hata usingizini. Na picha ziwe za kupigwa, za vitu vyetu vyenyewe. Tukapiga picha kikombe chake cha bluu, na kikafanya kazi siku ya tatu. Mwezi uliofuata kikombe cha bluu kikavunjika, na kile kipya cha kijani hakikuwa kwenye picha, kwa hiyo kwa maoni yake hakikuwa kikombe. Hayo nayo ni hadithi. Picha kadhaa za vikombe tofauti, tangu mwanzo, ndiyo dawa.

Nilikuwa najisifu sana kwa ile mbinu ya mapokezi. Niliwasimulia watu kwenye benchi la kliniki kama mwindaji. Siku moja mama mmoja akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi ndiye ninayefutwa." Anakaa mbali, magari matatu. Mwanawe hawezi makelele ya gari, akianza kupiga kelele abiria wanamwambia dereva awashushe, na wameshushwa kweli, zaidi ya mara moja. Akikosa miadi mara mbili jina linaondolewa na anaanza upya. Barua ya kumjulisha hayo ilikuja kwa lugha asiyoisoma. Kwa hiyo zile nafasi zilizokuwa wazi, ambazo mimi mwenye duka langu na simu ya chaji nilikuwa nazinyakua, hazikuwa wazi. Zilikuwa za watu.

Sikupata usingizi mzuri, lakini simulizi hii si ya usingizi wangu. Tuliandika barua ya huyo mama upya, wazazi watatu tukatia saini, tukaeleza magari matatu na kushushwa njiani. Akarudishwa mahali pake, si mwisho wa orodha. Mlango wa uongozi niligonga mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Tulichoomba ni kidogo: mtaalamu mmoja aende upande wa kule mara moja kwa mwezi, badala ya watoto kumi na mmoja kusafirishwa. Mwalimu mkuu mmoja akatupa darasa lisilotumika mchana. Nauli ya mtaalamu tuligawana, kila nyumba ikitoa sehemu ndogo ya iliyokuwa ikipotea barabarani. Hesabu kamili sikuweka, na wasioweza hawakuulizwa.

Pale ndipo nesi wa zahanati ya jirani alipojitokeza kwamba amefunzwa ile programu ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9. Imetengenezwa makusudi iendeshwe na watu wasio mabingwa: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mabingwa hawatoshi, hata wakigawanywa vipi. Yeye nesi alitufundisha kucheza sakafuni, kumfuata mtoto anachokitazama badala ya kumvuta kwenye ninachokitaka mimi. Nilidhani najua kucheza.

Kisha nikavuka mpaka, kama kawaida yangu. Nilipata dodoso moja la maswali 20 ya kuwachuja watoto, nikalitoa nakala rundo, nikawa nalipitisha nyumba kwa nyumba kama mtume. Nililijaza mpaka kwa binti wa jirani wa miaka kumi na minne. Nesi akaninyang'anya. "Hili ni la watoto wa miezi 16 hadi 30, kaka. Na ukipata alama nyingi maana yake nenda ukapimwe, si kwamba una usonji." Aibu yangu.

Ila kuhusu binti yule nilikuwa nimekanyaga kitu bila kujua. Mtulivu, hana kesi shuleni, kila anachofanya anamwangalia mwenzake kwanza halafu anaiga, akirudi nyumbani anajifungia gizani kwa saa mbili nzima. Hakuna aliyewahi kumwandikia rufaa. Wavulana hugunduliwa takriban mara tatu zaidi ya wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo ni mabinti kama huyu wanaosifiwa kwa utulivu. Alipimwa, akapewa majibu. Programu ya nesi inaishia miaka 9, kliniki ya watoto inamfungia mlango akitimiza kumi na minane, na katikati hapo hatujampatia chochote cha maana zaidi ya mwalimu mmoja anayemruhusu kukaa pembeni mwa darasa. Hilo bado tunaligonga.

Bwana mdogo sasa ana kadi thelathini na kitu kwenye daftari lenye pete, na maneno manane ya mdomoni. Aligundua mapema kwamba kadi ya choo inasimamisha kikao chochote: akichoka anampa mtaalamu, anapelekwa, anasimama kutazama bomba likidondoka, anarudi. Mtaalamu alipomshtukia hakumkaripia, alimtengenezea nyingine, nyekundu, yenye mkono uliofunguka, ya kusema "basi".

Juzi nilikuwa kwenye simu na ofisi moja, namweleza mtu kwa mara ya tano habari ya yule binti, sauti imeshapanda. Bwana mdogo akaja na daftari lake, akachomoa, akaniwekea ile nyekundu kiganjani. Nikakata simu.