Tuta, mbonyeo na daraja lenye nundu, mbona ramani iko bapa hivi?

Juzi nimekesha kisa tuta moja. Siyo kulipita, kuliandika kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea.

Iko hivi, barabara kwenye ramani ya kidijitali ni nukta zimeungwa mstari, kila nukta ina latitudo na longitudo basi, mambo ya kupanda na kushuka hayamo labda mtu akae ayaandike. Na usiniambie tuchukue data ya mwinuko ya kutoka angani, ile maarufu ya SRTM ilipigwa kwa rada mwaka 2000 na pointi zake zimeachana mita 30 hivi, tuta la mita 4 linapenya hapo kama dagaa kwenye jarife.

Kwahiyo tunabaki na tegi, yaani vibandiko vya maneno tunavyobandika kwenye nukta au mstari kusema hapo pana nini. Za matuta zipo kibao: traffic_calming=bump ni lile fupi kali linalokupiga kiuno, hump ni refu, mita kama 3 au 4, unalipanda na kulishuka, table mgongo wake umelala gari zima linakaa juu, cushion limeachiwa nafasi ili basi au ambulensi yenye ekseli pana ipite matairi yakiwa pembeni, na rumble_strip ndo zile rasta. Watu wanaandika bump kila mahali, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka siku nimefunga simu kwenye baiskeli nikarekodi mtikisiko. Kwenye bump grafu ikatoa miiba miwili imebanana, gurudumu la mbele halafu la nyuma, kwenye hump likaja wimbi la polepole tu. Nikarudi kufuta nilichoandika mwezi mzima.

Mbonyeo ndo balaa zaidi. Ipo traffic_calming=dip, sawa, lakini hiyo ni ya bonde lililowekwa makusudi watu wapunguze mwendo. Barabara iliyotitia yenyewe, au lami iliyoinuliwa na mizizi, nani aliipanga? Ukiipa hiyo tegi umesema uongo. Maji yakipita juu ya barabara ni ford, na kalavati inaandikwa kwenye mstari wa mto siyo wa barabara, jamani, hili nalisema mpaka nimechoka.

Halafu madaraja. bridge:structure inauliza daraja limebebwa na nini: beam (boriti), arch (upinde), truss (fremu ya pembetatu), suspension (nyaya za kuning'inizia). Haiulizi sehemu ya kupita magari ina umbo gani, daraja la upinde linaweza kuwa limenyooka kabisa juu. Ila humohumo kwenye orodha mtu kaweka humpback, nundu, ambayo ni umbo la juu! Maswali mawili, kisanduku kimoja. Na nundu ndo inayomhusu dereva wa lori refu la kuburuza tumbo, siyo upinde. Unaweza kusema ukate mstari vipande viwili uweke incline=up na incline=down, ila hiyo inafuata upande mstari ulivyochorwa, ukikosea upande mlima unakuwa mteremko, na kwa kidaraja cha mita 12 ni kazi ya kichaa.

Kuna kidaraja cha mawe nilikipita, upinde safi, nundu yake huoni anayekuja upande wa pili. Nimekiandika humpback. Upinde nimeutupia kwenye description, tegi ya maelezo ya kawaida, ambako programu ya dereva haichungulii.