Dada Inategemea

Leo siku ya saba na bado linaniuma, neno moja tu, tena nililisema mwenyewe. Inategemea.

Jumatatu asubuhi, ghorofa ya nne, site ya ujenzi ambako mi ndo afisa usalama. Napanda nakuta jukwaa jipya la mafundi kusimama wakijenga, upande wa barabarani, mirunda na mbao, halina reli ya kushikia, halina hata kibao cha pembeni cha kuzuia vitu visidondokee wapita njia, na juu yake matofali yamepangwa kama kuna mtu anahamia. Nikasema hapa hapandi mtu. Mzee wa Mirunda alikuwepo (fundi anayefunga majukwaa yetu), nikamwamkia, akaitikia vizuri, halafu akaniuliza kwa upole, na ule upole ndo unaniua:

"Kwani mwanangu, hizi mbao zinabeba kilo ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Nikanyamaza. Yani nikafungua mdomo nikaufunga, nikashika simu nikajifanya napigiwa. Saidia fundi mmoja akacheka, wakacheka wote. Mchana nafika kwa mama ntilie ananiuliza, dada Inategemea, leo maharage au samaki? Saa saba tu, ashapata habari.

Na jukwaa lenyewe walilirekebisha, msije mkadhani nilishindwa. Matofali yakashushwa, reli zikafungwa kabla ya saa kumi. Ila mi usiku nimelala naisikia ile "inategemea nini", naijibu kwa Kiswahili kizuri, naijibu kwa vifungu vya sheria, naijibu huku naondoka kwa madaha, kila nikiijibu najikuta nimerudi palepale na simu sikioni na hakuna aliyepiga.

Wiki hii pia wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wamekuja wameondoka, send-off ya mdogo wangu imepita salama na kamati inadaiwa na mtu wa viti, na mshahara umeingia.

Sasa mnajua tangu Januari nahangaika na hili swala la kusoma. Nina digrii ya afya ya mazingira, nina cheti cha usalama kazini cha NEBOSH, bodi ya mitihani ya Uingereza, nilichofanya ule mwaka wa mimba ya mwanangu Naila, mtihani ulikuwa wa masaa 24 unaruhusiwa kufungua vitabu, watu wakadhani ni mteremko, kumbe ukifungua kitabu nacho kinakuangalia tu. Sasa nikae hapohapo, nifanye Diploma ya NEBOSH, au niende Master's? Bosi anasema ukileta Master's tutaangalia, neno "tutaangalia" kwa bosi wangu mnalijua lina umri gani. Baba Naila anasema hiyo ada ni kiwanja. Diploma nayo bei yake wanaitaja kwa pauni, nikigeuza kwenye shilingi nakunywa maji kwanza. Halafu rafiki yangu kapata kazi Tanga kwenye bomba la mafuta na cheti kilekile nilichonacho mimi, ila matangazo mengine ya kazi ukisoma mstari wa elimu unafunga simu.

Basi Jumatatu usiku nikajaza nusu ya fomu ya Master's kwa hasira. Nikajiambia mtu mwenye Master's haulizwi kilo.

Jumatano, mtoto kalala, nikachukua penseli. Tofali letu la inchi 6 nilikuwa nimelipima stoo, kilo 31. Niliyoyaona juu pale ni matofali 16, hiyo kilo 496, mafundi wawili weka 140, udongo wa kujengea hata sijagusa. Kwenye viwango vya Wazungu jukwaa la chuma la kazi ya kawaida linahesabiwa kama kilo 200 kwa mita ya mraba, na lile letu kati ya mhimili na mhimili, upana wa mbao nne, haifiki mita ya mraba moja na nusu. Kwa hiyo matofali peke yake yalishapitiliza, na hiyo ni hesabu ya chuma, sio mkaratusi uliopigwa misumari na kufungwa kamba. Halafu kuna unene wa mbao, mbao ya milimita 38 usiiache zaidi ya mita moja na nusu bila kitu chini yake. Halafu vifundo, nyufa, mvua ya jana.

Jamani, jibu langu lilikuwa sahihi! Inategemea kweli. Mi ndo nlikuwa sijui inategemea nini. Na hivyo vitu nilishavisoma, vipo kwenye notsi zangu na nimevipigia mstari wa kijani.

Ijumaa nikamfuata Mzee wakati wa chai, nimeshika karatasi kama mtoto anapeleka homuweki. Nikamwambia mzee wangu, nimekuja na jibu la Jumatatu. Nikamsomea yote. Akaacha chapati.

"Miaka yote nafunga majukwaa, hakuna aliyewahi kuniambia kilo," akasema. "Nikaona we umesoma, utakuwa unajua."

"Si ulikuwa unanipima?"

"Nikupime nini, mwanangu? Mi nlikuwa nauliza."

Alikuwa anauliza! Siku tano mimi nagombana na mtu aliyekuwa anauliza. Na huyu ndiye mwakilishi wa usalama wa mafundi, sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inataka awepo, nikamchagua kwa sababu anasikilizwa, nikampa fulana na filimbi, nikamaliza. Sikuwahi kukaa naye nimfundishe kitu. Akanipandisha juu akanionyesha anavyopima kwa hatua yake, hatua moja ndefu kati ya mhimili na mhimili, "marehemu baba alinifundisha hivi". Nikatoa futi. Mita 1 na sentimita 42, haijapita ile moja na nusu ya kwenye hesabu yangu. Nilicheka mpaka wale vijana wakaja kuangalia kuna nini.

Kwa hiyo fomu ya Master's nimeiacha nusu. Sijaifuta. Nikiwa mkweli niliitaka ili nisiulizwe maswali, na ada ya kiwanja kizima kwa ajili ya kutoulizwa naona ni ghali. Natafuta kwanza kozi fupi ya ukaguzi wa majukwaa, siku chache tu, na nataka Mzee naye aende, nishamwandikia bosi barua ya kuomba kampuni imlipie, kajibu tutaangalia. Mwakani nikiitaka bado hiyo Master's nitajua naitakia nini. Au labda nitakuwa na hasira nyingine, sjui, mi najijua.

Jina limebaki lakini. Jana nimeitwa Inategemea getini na mlinzi mgeni kabisa, hata wiki hajamaliza.

Mama hapokei simu tangu juzi jioni. Mama mdogo anasema itakuwa chaji, Morogoro umeme ulikatika. Lakini leo Jumapili, na Jumapili Mama hunipigia yeye kabla sijaamka, kuniuliza kama nimeenda kanisani. Saa hizi saa nane mchana.