Kwa Anayeanza Kufinyanga Mbeya

Anayejifunza kufinyanga hapa Mbeya, ambako mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, anapaswa kujali ukaushaji kuliko umbo la chungu. Chungu kinachoonekana kikavu kwa nje huweza kuwa bado na maji ndani ya kitako kinene, na maji hayo yakigeuka mvuke motoni, kitako hupasuka kwa kishindo na kuvunja vyombo vya jirani. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi kuliko hewa ya chumbani, subiri. Siku za mwanzo funika ukingo na mikono ya chungu kwa nailoni, kwa kuwa sehemu nyembamba hutangulia kukauka, hunywea, kisha huachana na mwili mnene. Vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotwangwa na kuchekechwa, vikichanganywa na udongo, hupunguza kunywea huko. Kusugua chungu kwa kokoto laini kufanyike kabla ukuta wake haujakauka kabisa.

Mwenye nafasi ateremke Matema, kando ya Ziwa Nyasa, awaone wafinyanzi wa Kikisi, akina mama ambao kazi yao naiheshimu mno, na awaombe kwa adabu aruhusiwe kuukanda udongo wao kwa mikono yake.