Jinsi nilivyozuia mkaa kuchafua rangi ya maji kwenye michoro ya mwili

Kila nilipopitisha brashi ya rangi ya maji juu ya mkaa wa kuchorea, ngozi ya modeli (mtu anayekaa ili achorwe) kwenye mchoro iligeuka tope la kijivu. Dawa ya kupulizia ya kushikiza mkaa ilisaidia kidogo tu, na harufu yake, mh, fungua madirisha kwanza.

Kilichotatua ni kugeuza mpangilio. Naanza na nta nyeupe pale mwanga unapopiga bega au goti. Nta hukataa maji, weupe unabaki. Kisha brashi pana na rangi nyepesi, modeli akiwa kwenye mkao wa dakika moja au mbili. Sichori mstari wowote, natafuta uzito umeegemea wapi. Akisimamia mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Madoa mawili yanayoinama kuelekeana yanatosha kuonyesha hilo.

Karatasi ikikauka kabisa (iguse kwa mgongo wa mkono, isiwe na ubaridi) ndipo mkaa unaingia, tena kwa uchache: chini ya kidevu, kwapani, kisigino kinapokanyaga. Natumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyembamba hujikunja na vumbi la mkaa hujazana kwenye mikunjo.