Kodi ya kodi

Februari 2022 nilikuwa na mwaka wa pili Dodoma. Kazi ilinihamisha, nyumba ya mama pale Ngamiani, Tanga, ikabaki na mpangaji wake wa siku zote: kaka mmoja anayeuza madaftari na vifaa vya shule, duka mbele, stoo uani. Laki tatu kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo. Hajawahi kunisumbua.

Meseji ya benki ikaingia. Nilitegemea milioni moja na laki nane, nikasoma 1,614,000. Nikatoka nje ya ofisi nikampigia.

"Kaka, kodi haijatimia."

"Imetimia yote, dada."

"Mbona laki na themanini na sita sizioni?"

"Hizo ndizo kodi."

"Kodi ndiyo ninayokudai!"

"Na mimi nakwambia, hiyo ni kodi yako wewe."

Tulizungushana hivyo mpaka salio likaniishia. Sisi ambao nazi tumeipa majina kuanzia kidaka, kitale, dafu hadi koroma, tumeshindwa kutenganisha anachochukua mwenye nyumba na inachochukua serikali.

Nikamtuma shangazi, anakaa Makorora. "Mwanangu," akaniambia, "mie nimeelezwa kodi imekatwa kodi. Kuna kijana wa mahesabu pale na kompyuta yake. Nikaaga."

Kumbe kijana ndiye mwenye habari yote. Kaka alikuwa amesajili kampuni apate tenda za shule, akaajiri mhasibu, naye akamweleza kwamba mfanyabiashara akilipa pango anazuia asilimia 10 na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Ndiyo ile 180,000. Elfu sita zilizobaki ni kodi ya majengo: tangu Agosti 2021 ilikuwa inakatwa kwenye umeme wa LUKU, 1,000 kila mwezi, na anayenunua umeme ni yeye ilhali nyumba si yake. Hapo sikuwa na la kubisha. Iliniuma tu; mshahara wangu unakatwa kabla sijauona, nikadhani mimi na TRA tumeshamalizana.

"Basi nitumie cheti cha hilo zuio," nikamwambia jioni.

"Nilitaka kukuuliza hilohilo, dada. Kijana anatakiwa awasilishe kabla ya tarehe 7, na mkataba una jina la mama. TIN, namba ya mlipakodi, aandike ya nani?"

Mama tulimzika 2019. Mkataba tuliuendeleza kwa mdomo, hela zikahamia akaunti yangu, mirathi hakuna aliyeigusa. Wadogo zangu wawili nilikuwa nawatumia kiasi nilichojisikia mwenyewe, na hawakuwahi kuuliza.

"Dada, upo?"

Ijumaa nilipanda basi la Tanga. Kwenye mkoba nilikuwa na cheti cha kifo cha mama, kile nilichohama nacho hadi Dodoma na ambacho hadi siku hiyo sikuwa nimekitoa kwenye bahasha.