Kigae kimegoma kuvunjika

Jamani, nina furaha! Leo hapa Tengeru tumekipinda kigae chetu cha kauri chenye nyuzi za alumina (oksidi ya alumini) ndani yake, kikagoma kukatika. Kauri tupu, isiyo na nyuzi, ingepasuka papo hapo.

Kitambaa cha nyuzi kinalowekwa kwenye "soli" ya silika, yaani majimaji meupe kama maji ya mchele, yenye chembe ndogo mno za silika (kama ile iliyo kwenye mchanga). Yakishakuwa jeli unakausha polepole, kisha tanuri. Jeli ikikauka husinyaa mno, inaacha nyufa na vitundu, kwa hiyo unaloweka tena, unachoma tena. Inachosha kweli, ila hakuna haja ya lile joto kali la kuunganisha unga wa kauri, joto linaloharibu nyuzi.

Kwenye darubini tumeona ufa umefika kwenye uzi, ukakunja kona ukafuata ubavu wake badala ya kuukata; ndiyo maana kigae hakikukatika. Nimeupiga picha, nawawekea kwenye komenti.